Si Goma Inayoua Betri

Kuna kauli iliyozoeleka Goma kiasi kwamba haiulizwi tena: kiti cha magurudumu cha umeme si kitu cha mji huu. Utaisikia kwa wanaogawa misaada, kwa mafundi, kwa jamaa za wagonjwa, hata kwa wenye ulemavu wenyewe. Sababu zake ni tatu na hutolewa kwa mkupuo mmoja: umeme hukatika, barabara ni za mawe ya volkeno, na betri hufa. Kwa hiyo, wanasema, bora baiskeli ya mikono, au kiti cha kusukumwa, au mtu akae nyumbani. Mimi naikataa kauli hiyo. Kwamba betri za viti hivi hufa mapema Goma ni kweli. Ila kinachoziua ni namna tunavyozichaji, na namna hiyo inaweza kubadilishwa bila kusubiri serikali, amani wala mtambo mpya wa umeme.

Nianze na baiskeli ya mikono, kwa kuwa ndiyo hutumiwa kuonyesha kwamba kiti cha umeme ni anasa. Baiskeli hiyo ya magurudumu matatu imewapa watu wengi wa Goma riziki na heshima. Kwenye mpaka wa Petite Barrière, unaotenganisha mtaa wa Birere na Gisenyi ya Rwanda, wenye ulemavu wamepitisha nayo bidhaa miaka na miaka, na kwa kazi hiyo wamelisha nyumba zao. Lakini tutazame ni nani awezaye kuiendesha. Ni mtu ambaye miguu imelemaa na mikono ina nguvu, na kwa sehemu kubwa huyo alikuwa mtu aliyeugua polio utotoni. Kifaa kikazoeleka kwa mwili wa namna moja, kisha kikafanywa kipimo cha miili yote. Leo wapo wenye mtindio wa ubongo, wapo waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi, wapo ambao misuli yao inalegea mwaka hadi mwaka, na wapo walioumia uti wa mgongo sehemu ya shingo kwa risasi au kwa ajali ya pikipiki. Vita vya Kivu Kaskazini vinaongeza idadi ya hao wa mwisho, na wadi za upasuaji za hospitali ya CBCA Ndosho zinawajua vizuri. Kwa watu hawa pedali ya mikono haisaidii chochote. Kilichobaki kwao ni mota au mgongo wa mtu mwingine, na mara nyingi mgongo huo ni wa mtoto aliyeachishwa shule ili amsukume mzazi.

Dunia nayo ilichelewa kuliona hili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo ulihusu viti vya kusukumwa kwa mikono peke yake. Mwaka 2016 shirika hilo hilo lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kupewa kipaumbele, na kiti cha umeme kimo humo. Congo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kukuza haki hizo. Kwenye karatasi, basi, ubishi umekwisha. Unaendelea kwenye ghala la misaada na kwenye meza ya fundi, na huko silaha yake kubwa ni umeme.

Hoja ya umeme ina uzito, basi tuipime kwa hesabu. Kiti cha kawaida hubeba betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo ili zitoe volti 24. Tuchukue za ampea-saa 50 kila moja, ukubwa unaotumika sana. Zidisha 24 kwa 50, unapata wati-saa 1,200. Ukiongeza umeme unaopotea kwenye chaja na ndani ya betri, kuzijaza kutoka mwanzo huhitaji kama kilowati-saa moja na nusu. Pasi ya wati 1,000 huumaliza umeme huo kwa saa moja na nusu. Tena kiti hakiutaki wote kwa mara moja: chaja yake huvuta wati 150 hadi 250 hivi, pole pole, kwa saa 8 hadi 12. Goma ina kituo cha jua cha Nuru huko Ndosho, cha megawati 1.3, kilichoanza kazi mwaka 2020. Hupokea umeme wa maji kutoka Matebe, Rutshuru, mtambo wa megawati 13.8 uliozinduliwa mwaka 2015. Kuna pia ule wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaotoka upande wa Ruzizi. Mji huu hauwezi kuambiwa hauna umeme wa kujaza kiti kimoja. Ulio nao hautabiriki, na betri iliundwa ili mtu aweze kuishi na umeme wa namna hiyo.

Kiti hakidai umeme usiokatika. Kinadai saa kadhaa ndani ya siku. Umeme ukija saa nne usiku, ukaondoka saa nane, ukarudi alfajiri, betri zake za madini ya risasi hazidhuriki kwa kukatishwa hivyo, zinaendelea zilipoishia. Paneli ya wati 300 yenye kidhibiti kinachofaa, ikipata saa nne au tano za jua zuri, inakaribia kuzijaza bila waya wowote wa mjini. Zipo siku ambazo hoja yangu hushindwa. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini na njia za umeme zikaharibiwa, Goma ilikaa gizani na pampu za maji zikasimama. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba bomba la maji si kitu cha Goma.

Liko pia jambo ambalo halitajwi kabisa katika mabishano haya, nalo ni hali ya hewa. Adui mkubwa wa betri ya risasi ni joto. Kanuni wanayoifuata watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi 25 hukata umri wa betri kwa nusu hivi. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na joto lake la wastani ni karibu nyuzi 20. Betri ile ile, ikitunzwa vile vile, itaishi muda mrefu zaidi Himbi, hapa Goma, kuliko Kinshasa au Mombasa. Anayesema mazingira ya hapa yanaziua hajatazama kipimajoto.

Sasa nifike penye kidonda. Ushauri unaopewa karibu kila mwenye kiti cha umeme, na unaotolewa kwa nia njema, ni huu: usichaji mpaka betri iishe kabisa, ukichaji mapema utaizoesha vibaya. Ushauri huu ulikuwa na maana kwa betri za nikeli-kadmiamu zilizokuwa kwenye redio na simu za zamani. Kwa betri ya risasi ni sumu. Inapotoa umeme, vibao vyake hujifunika salfeti ya risasi. Ukiijaza mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha siku kadhaa, hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi kuzivunja tena, na sehemu iliyoshikwa na fuwele haitoi umeme wala haipokei. Mtu anaambiwa asubiri mpaka kiti kigome. Kinagoma Jumatano jioni. Umeme wa mtaa wake unarudi Ijumaa. Siku hizo mbili betri ilikaa tupu, na kufikia Ijumaa imeshapoteza kitu ambacho haitarudishiwa. Hapo lawama hutupiwa mgao wa umeme.

Msomaji makini atanipinga kwa takwimu za watengenezaji wenyewe. Betri ya aina hii ikimalizwa kabisa kila mara hujazwa mara 200 hadi 300 kabla ya kuchoka. Ikitumiwa nusu tu hujazwa kama mara 500 hadi 600. Mia mbili na hamsini kamili ni sawa na nusu mia tano, kwa hiyo faida iko wapi? Pingamizi hili ni la haki na linastahili jibu. Takwimu hizo hutoka maabara, ambako betri ikishamalizwa huchajiwa papo hapo na chaja sahihi mpaka ijae. Huko hakuna siku mbili za kungoja umeme kama mtaani Majengo. Pia kila betri ya volti 12 ina seli sita, na hazilingani nguvu. Ukiifikisha chini kabisa, seli dhaifu huisha kwanza na zile nyingine huendelea kusukuma umeme kupitia kwake kinyumenyume, na hivyo ndivyo seli moja inavyoiangusha betri nzima. Kwa hiyo kanuni ya mji wenye umeme wa kubahatisha inapaswa kuwa kinyume cha ile tuliyozoea: chaji kila siku uliyotumia kiti, wakati wowote umeme unapopatikana, hata kama kipimo kinaonyesha bado ipo nyingi.

Kuchaji kila siku hakutoshi kama hakufikishwi mwisho. Chaja nzuri hufanya kazi kwa hatua: kwanza husukuma ampea nyingi, kisha hushikilia volti na kuziacha ampea zishuke, halafu hubaki na volti ndogo ya kuitunza betri. Hatua ya pili ndiyo ndefu na ndiyo inayomaliza salfeti. Mtu akiona kipimo cha kiti kimerudi juu baada ya saa tatu anachomoa, naye ameikata hatua hiyo. Taa ya chaja bado ilikuwa ya rangi ya machungwa. Akifanya hivyo kila siku kwa miezi, betri huwa haijai hata mara moja, na uwezo wake hupungua kidogo kidogo mpaka safari ya kwenda sokoni na kurudi isiwezekane. Mgao ukikata chaji leo na kesho, basi walau mara moja kwa wiki itafutwe nafasi ya kuiacha mpaka taa iwe ya kijani. Na umeme unaporudi kwa kishindo, kiti kiwe kimechomolewa. Dakika chache za kungoja volti itulie huokoa chaja.

Kosa la pili liko kwenye gereji. Kiti kikigoma, hupelekwa kwa fundi wa magari, na yeye hufanya anachokijua: anaunganisha chaja kubwa ya gari, au anatoa betri za kiti na kuweka za gari. Simlaumu fundi huyo, maana hakuna aliyemfundisha tofauti. Betri ya gari ina vibao vyembamba vilivyoundwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Ukiibebesha kazi ya kutoa umeme kidogo kidogo kutwa nzima hadi iishe, itakufa baada ya safari chache. Mbaya zaidi, nyingi ni za maji ya asidi. Kiti kinapoinama kwenye jiwe au kupanda kingo, asidi humwagika chini ya mtu ambaye huenda hana hisia miguuni. Mwenye hisia angeruka kwa maumivu. Aliyeumia uti wa mgongo hajui lolote mpaka jioni anapovuliwa suruali na kukutwa na kidonda kilichokwisha kula nyama. Betri za kiti zinapaswa kuwa za jeli au AGM, zilizofungwa, zisizoongezwa maji, na zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Ukiweka mpya kando ya kuukuu, kuukuu itaivuta mpya kaburini.

Chaja kubwa ya gereji ni hatari kwa njia nyingine. Betri iliyofungwa ikisukumiwa volti kupita kiasi hutoa gesi ya haidrojeni na oksijeni kupitia vali zake, jeli hukauka, na hakuna namna ya kuirudisha. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa ya mahali inaweza kuwaka. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, chumba kimoja au viwili juu ya mawe ya lava, na jiko la makaa na mshumaa haviko mbali na kitanda. Kwa chaja iliyotengenezewa kiti chenyewe gesi hiyo ni kidogo mno. Hata hivyo kiti kikae karibu na mlango au dirisha lililo wazi, mbali na jiko, pasipo blanketi juu ya chaja, na kisichangie soketi moja na resho. Nyumba ikiwa gizani, kishawishi cha kuunganisha taa au simu kwenye betri moja ya kiti ni kikubwa, nami nakielewa. Ila betri hizo ni mfululizo mmoja: ukinyonya moja, usiku chaja itaizidishia ile iliyojaa na kuipunja ile iliyonyonywa. Fyuzi iliyoungua nayo haibadilishwi kwa kipande cha waya. Betri hizi zinaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na spana ikigusa ncha mbili itaunguza mkono kabla fundi hajaiachia. Pete ivuliwe kwanza.

Wapo wanaosema lithiamu itamaliza shida zote hizi. Ni nyepesi, huvumilia kujazwa mara nyingi zaidi, na kuachwa nusu hakuidhuru. Nakubali kwa sharti moja: iwe betri kamili yenye kidhibiti chake na chaja yake. Kifurushi cha seli zilizookotwa kwenye kompyuta na pikipiki za zamani, kikafungwa kwa gundi na kuwekwa chini ya mtu asiyeweza kuinuka, sikikubali hata kidogo. Lithiamu ikishika moto haimpi muda.

Barabara je? Zenye vumbi au nyeusi kwa lava, ni mbovu kweli nje ya njia za lami. Lakini mawe hayaui betri. Yanaongeza ampea zinazotumika, kwa hiyo yanapunguza umbali. Kiti kilichoandikwa kilomita 25 kwenye sakafu ya kiwandani kihesabiwe nusu yake mtaani, na kichaguliwe chenye magurudumu mapana na betri kubwa kuliko mahitaji ya siku. Mji unaotumia chukudu, chombo cha mbao kinachobeba mamia ya kilo juu ya mawe hayo hayo, hauna haki ya kukata tamaa mapema hivyo.

Gharama ndiyo pingamizi la mwisho na ndilo linalofunga mlango mara nyingi. Jozi ya betri za jeli ni dola mia kadhaa, na tangu benki na uwanja wa ndege vifungwe mapema mwaka 2025, kila kitu kutoka nje kimekuwa kigumu zaidi kupatikana. Ni kweli. Na ndiyo maana utunzaji si jambo dogo la kuachiwa mwisho. Tuseme jozi imegharimu dola 400. Ikifa baada ya miezi 8, imemgharimu mwenyewe dola 50 kila mwezi. Ikitunzwa ikafika miezi 32, ni dola 12 na nusu. Tofauti hiyo haitokani na bei ya soko, inatokana na taa ya kijani. Na wanaohesabu dola za betri wahesabu pia siku za kazi za mtu anayesukuma kiti, pamoja na shule ya mtoto yule niliyemtaja. Gharama hizo haziandikwi kwenye ripoti yoyote kwa kuwa zinalipwa na familia. Betri iliyokufa nayo isitupwe wala isiyeyushwe uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Tena Goma ni mji unaoweza kuamriwa kuondoka. Jioni ya 22 Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka na lava ikasimama Buhene, jirani na uwanja wa ndege. Tarehe 27 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 ihamwe, na umati ukaelekea Sake. Sidai kwamba kiti cha umeme kingemfikisha mtu Sake, kilomita 25 hivi. Kingemfikisha kwenye barabara kuu, penye magari na watu, badala ya kumwacha uani akisubiri atakayekumbuka kumbeba. Kwa sharti moja tu: kiwe kimejaa. Mtu aliyefundishwa kusubiri betri iishe ndipo achaji, usiku wa namna hiyo ana uwezekano mkubwa wa kukalia kiti kitupu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa mashirika, makanisa, vituo vya mazoezi na jamaa walioko Ulaya wanaotuma viti: msitume kiti bila chaja yake halisi, fyuzi za akiba, na fundi mmoja mjini aliyefundishwa kutumia kipima volti. Fundi huyo ajue kwamba betri iliyopumzika ikiwa na volti 12.8 imejaa, na ikiwa na 12.2 imeshafika nusu au chini yake. Kiti kilichotumwa bila hivyo ndicho kitakachosemwa mwakani kwamba hakikufaa Goma. Na kwako uliye nacho tayari: kichomeke leo umeme utakapokuja, hata kama umekitumia nusu saa tu, fungua dirisha, na usikichomoe mpaka taa iwe ya kijani.